Mpishi wa Al-Nuzha na Chumba cha York

Kitu kikidondoka na kubingirika hadi chini ya kitanda, hakijali mwenye nyumba ni nani. Awe hakimu au mchunga mbuzi, akisimama wima na mikono kiunoni ataambulia kuona shuka tu. Atakayekipata ni yule atakayepiga magoti, akaegesha shavu sakafuni na kukubali vumbi limwingie puani. Hivyo ndivyo ilivyo methali ya mtaka cha mvunguni: anayetamani jambo lenye thamani hana budi kuukubali unyonge unaoandamana na kulitafuta. Risper Kemunto aliikariri methali hii tangu darasa la nne. Alikuja kuielewa akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mjini Jeddah, katika jiko la watu.

Risper alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya kutwa huko Nyamira. Alikuwa na shahada yake safi, lakini aliajiriwa na bodi ya shule, na mshahara wake ulikuja kama mvua ya jangwani: haba, na bila kupiga hodi. Ndoto yake ilikuwa kusomea utunzaji wa nyaraka za kale. Alikuwa ameingia siku moja katika stoo ya ofisi ya serikali akitafuta rekodi za shule za zamani, akazikuta zimegeuzwa chakula cha mchwa. Kumbukumbu za watu waliokufa zilimwagika mikononi mwake kama unga. Tangu siku hiyo hakutulia.

Kakake, Dancan, alikuwa dereva mjini Riyadh kwa Baba Fahad, mfanyabiashara wa vigae. Tajiri huyo alikaa Riyadh kwa shughuli zake, ilhali mkewe, Madam Hanan, na binti yao wa pekee, Lujain, walikaa Jeddah katika mtaa wa Al-Nuzha. Nyumba hiyo ilipohitaji mpishi, Dancan akamtaja dada yake. Wakala wa Nairobi alimshauri Risper aiache shahada yake kabatini. "Sema uliishia darasa la nane," alimwambia. "Matajiri wa huko wanaogopa mfanyakazi aliyesoma." Basi Desemba ya mwaka 2011, mwalimu Risper alishuka Jeddah akiwa amejipunguzia miaka minane ya masomo, akavaa aproni na kuanza kazi.

Kazi aliiweza. Alipika wali wa nyama na samaki wa Kijeddah hadi wageni wakauliza jina lake. Alichokiweza kwa shida ni dharau. Siku moja, Septemba mwaka uliofuata, Lujain alikuwa anafungasha mizigo kwenda kusomea biashara katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Mjomba wake alikuwa daktari mji jirani wa Leeds, naye ndiye aliyekubali kumwangalia. Chuo kilikuwa kimemtumia kijitabu kuhusu gharama za maisha ya mwanafunzi. Lujain alifungua ukurasa mmoja, akapiga miayo, akakitupa kwenye pipa la jikoni. Risper alikiokota, akakipangusa majani ya chai, akaanza kusoma akiwa amesimama. Lujain akarudi ghafla kuchukua maji.

"Risber!" alisema, kwani ulimi wake haukuijua p. "Unatazama picha? Mafi mukh! Wewe na kitabu wapi na wapi?"

Mafi mukh, yaani hana akili. Risper aliyameza maneno hayo kama dawa ya mwarobaini, lakini kijitabu hakukirudisha pipani.

Kilikuwa kijitabu chenye mengi. Kilisema kwamba York umezungukwa na kuta za mawe tangu enzi za kale, na kwamba vyumba vilivyo ndani ya kuta hizo vina kodi ya kukata pumzi. Nje ya kuta, mwendo wa robo saa kwa baiskeli, wanafunzi wanne hupanga nyumba moja ya matofali na kugawana bili za umeme na gesi. Kilisema jioni maduka makubwa hubandika vibandiko vya njano kwenye mikate na mboga zinazokaribia kuharibika, zikauzwa kwa bei ya kutupa. Kilisema anayejipikia hula kwa theluthi moja ya gharama ya anayekula mikahawani. Ukurasa wa mwisho ulieleza kuhusu ufadhili wa ada kwa wanafunzi wa uzamili kutoka ng'ambo, na miongoni mwa masomo yaliyotajwa kulikuwa na utunzaji wa nyaraka.

Risper aliomba nafasi. Barua zake aliziandika kwenye simu, kidogo kidogo, wakati madam amelala usingizi wa mchana. Aprili 2013 jibu likaja: amekubaliwa, ada yote amesamehewa. Chakula, malazi na nauli vilikuwa juu yake mwenyewe. Akiba yake ya mwaka mmoja na nusu ingemtosha, mradi awe na mkono wa birika.

Tatizo lilikuwa moja. Masomo yangeanza mwishoni mwa Septemba na mkataba wake ungeisha Desemba. Pasipoti yake ilikuwa ndani ya mtoto wa meza ya Baba Fahad, na bila ruhusa ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, hakuna mfanyakazi atokaye Saudia.

"Si umwombe tu?" Dancan alimwambia kwa simu kutoka Riyadh.

"Nimwombe nikisema nini? Kwamba nimewadanganya miaka miwili? Yule binti yao atanicheka mpaka ajikunje."

"Acheke. Kicheko hakizuii ndege kupaa."

"Nitaomba, kaka. Nangoja wakati mzuri."

Aprili ikapita, Mei ikapita, na wakati mzuri haukuonekana.

Mwanzoni mwa Juni Lujain alirudi kutoka York amenywea kama kifaranga aliyenyeshewa. Alikuwa ameanguka masomo mawili. Baba Fahad aliposikia hakungoja ndege. Alimwamuru Dancan awashe gari, wakaja Jeddah mbio. Jioni hiyo Risper alikuwa akiandaa kahawa sebuleni, akayasikia yote.

"Pesa ninazokutumia zinakutosha siku ngapi?" baba aliuliza.

"Siku kumi, baba."

"Na siku ishirini zilizobaki?"

"Nakopa kwa mjomba. Au nalala. Nikiwa na njaa siwezi kwenda darasani."

"Zinakwenda wapi?"

Lujain alieleza huku akitazama zulia. Teksi asubuhi, teksi jioni. Chakula cha kuletewa mlangoni. Chumba kizuri ndani ya kuta za mji, dirisha likitazamana na kanisa kuu. Kipasha joto kikiwaka mchana kutwa, na dirisha akilifungua kwa sababu kumekuwa na joto mno.

"Kitunguu ni bei gani York?"

"Sijui."

"Miezi tisa umekaa katika mji, hujui bei ya kitunguu!" Baba Fahad alikuwa mtu aliyeanza maisha kwa kubeba vigae mgongoni, na kauli hiyo ilimuuma kuliko zile alama. "Basi sikiliza. Kesho ni mwanzo wa Shabani. Mwezi huu wote, mpaka mwandamo wa Ramadhani, utaishi katika kile chumba cha juu ya paa. Nitakupa pesa ambazo mwanafunzi makini wa York hutumia kwa chakula na usafiri, nimemuuliza mjomba wako. Utanunua mwenyewe, utapika mwenyewe. Hakuna wa kukupikia. Ukimaliza mwezi bila kukopa, utarudi shuleni. Ukishindwa, halas, masomo yamekwisha."

Madam Hanan alilalamika, akataja umri wa binti, joto la paa na maneno ya majirani. Haikusaidia kitu.

Siku ya nane bahasha ya pesa alizopewa Lujain ilikuwa imebaki na noti mbili. Siku ya tisa, saa tisa alasiri, Lujain aliingia jikoni kwa miguu mitupu. Midomo ilikuwa imemkauka. Alisimama karibu na friji bila kuligusa.

"Risber, nifundishe kupika kitu. Kitu cha bei rahisi."

Risper alikuwa akikatakata bamia. Alihisi utamu fulani ukimpanda kifuani, utamu ambao hakuwahi kuuonja tangu aje Jeddah.

"Nina kazi," alijibu bila kuinua macho. "Na mimi mafi mukh. Nitakufundisha nini?"

Binti akarudi zake juu ya paa. Jioni Risper alimpigia Dancan, ambaye alikuwa amerejea Riyadh na tajiri wake, akamsimulia huku akicheka. Dancan hakucheka.

"Mtoto wa watu ana njaa na wewe unafurahi?"

"Wewe hujui alivyonitukana."

"Najua. Lakini ngoja nikwambie, Kemunto. Kila siku unaniambia umeinama, umeinama. Umeinamisha mgongo, sawa, unafagia na kupika. Moyo wako bado umesimama wima kama mlingoti. Ndiyo maana hata ruhusa huwezi kuiomba. Yule msichana leo ameinama kuliko wewe."

Maneno hayo yalimkaa Risper rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Alfajiri alipanda ngazi hadi juu ya paa, akabisha mlango.

"Vaa abaya yako," alisema. "Na uchukue mfuko. Utaubeba mwenyewe."

Dereva mzee wa nyumba aliwapeleka Kandara, mtaa wa kale wenye maduka madogo yaliyosongamana, ambako Wakenya, Wahabeshi na Wayemeni hununua mahitaji yao. Lujain alizaliwa Jeddah na hakuwahi kukanyaga huko. Risper alimwonyesha jinsi ya kupima dengu kwa jicho, jinsi ya kuacha nyanya za mbele zilizong'arishwa na kuomba zile za nyuma zilizopondeka kidogo, ambazo mchuzi hauzibagui.

"Riyali ngapi?" Lujain alimuuliza muuzaji, na aliposikia bei akafungua pochi.

Risper alimshika mkono. "Usitoe. Uliza tena, halafu unyamaze."

"Ninyamaze tu?"

"Nyamaza, utazame vitunguu kana kwamba vimekukosea."

Lujain alifanya hivyo. Muuzaji, Myemeni mwenye kofia, alikohoa, akapunguza riyali moja. Binti alitoka dukani uso umemchanua kama aliyeshinda vita, mfuko wa kilo tano ukimning'inia begani.

Dengu za kwanza ziliungua. Risper hakumruhusu azimwage. "York utamwaga mara ngapi?" alimuuliza, na Lujain akazila, machozi yakimlengalenga, akikwaruza sufuria. Za pili zilikuwa na maji mengi. Za tatu zililika. Baada ya hapo akajifunza kupika wali wa kutosha siku mbili, kuoka mkate kwenye kikaango, kugeuza kuku mmoja awe milo minne na mifupa yake iwe supu. Kila alasiri, kazi za mchana zikiisha, wawili hao walikaa chini ya kivuli cha matangi ya maji, na sufuria katikati yao.

Naye Risper alijifunza. Aliuliza, kwa kuwa sasa alikuwa ameanza kujua kuuliza. Lujain akamweleza jinsi nguo mbichi zikianikwa chumbani ukuta huota ukungu, jinsi mwenye nyumba hudai amana kabla ya kukupa ufunguo, jinsi mvua ya York ilivyo nyembamba lakini hulowesha mpaka mifupa. Alimchorea barabara kwa kijiti cha mkaa, chuo hapa, mto hapa, kuta hapa.

"Kuna watu jioni hujazana dukani mbele ya rafu moja," alisema Lujain. "Sijawahi kujua wanafanya nini."

"Wanangoja vibandiko vya njano. Bei hushuka."

Lujain alimkazia macho. "Wewe umejuaje?"

Risper alisita. Halafu akatoa simu mfukoni, akafungua ile barua na kumpa. Lujain aliisoma mara mbili, mwanzo mpaka mwisho.

"Ada yote wamekusamehe?"

"Yote."

"Mimi baba alilipa kila senti, na nikaanguka." Alirudisha simu kwa mikono miwili, kama watu warudishavyo kitu cha heshima. "Siku ile nilikuita... Nisamehe. Mama anajua?"

"Hajui. Usimwambie. Nitasema mwenyewe."

Siku ya mwisho ya Shabani, Baba Fahad aliwasili na Dancan. Lujain aliandaa meza: dengu, wali, mkate wa kikaango na bakuli la supu. Kando ya sahani ya baba aliweka bahasha yenye chenji iliyobaki. Baba alikula mpaka tonge la mwisho. Alipomaliza alipangusa sahani kwa kipande cha mkate mpaka ikang'aa, akacheka kicheko kilichotikisa vikombe.

"Utarudi," alisema. "Nani amekufundisha?"

Lujain alifungua kinywa, lakini Risper, aliyekuwa amesimama na birika, alitangulia. Alipiga moyo konde.

"Ni mimi, baba. Na nina ombi. Mimi sikuishia darasa la nane. Nina shahada, nilikuwa mwalimu. Niliwadanganya, na ninaomba radhi. Nimepata nafasi ya masomo York na ada nimesamehewa. Yanaanza Septemba. Naomba unipe ruhusa ya kuondoka kabla mkataba wangu haujaisha."

Madam Hanan ndiye aliyelipuka kwanza.

"Miaka miwili umeishi kwangu na uongo! Na kesho ni Ramadhani, nani atapika? Na ndugu yake huyu alijua!" Alimnyooshea kidole Dancan, aliyekuwa mlangoni na mabegi mikononi. "Wote wawili warudi kwao kesho!"

Kujitosa mwenyewe alikuwa tayari. Kumzamisha kakake hakuwa tayari. Lakini sauti yake haikukatika.

"Madam, kosa ni langu peke yangu. Dancan amenihimiza tangu Aprili niseme kweli, nami nikakataa kwa sababu ya kiburi. Usimwadhibu kwa ulimi wangu."

Baba Fahad aliinua mkono, mkewe akanyamaza. Alimtazama Risper kwa muda mrefu, kama apimavyo kigae kutafuta ufa.

"Chumba cha mwanafunzi York, nje ya kuta, kodi ni kiasi gani?"

"Pauni themanini kwa wiki, bila umeme na gesi," Risper alijibu papo hapo. "Sabini na mbili ukikubali cha darini, ambacho usipoinamisha kichwa utagonga paa. Nitachukua cha darini."

Mzee alimgeukia binti yake. "Umesikia? Huyu hajafika, na anajua." Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayefunga biashara: "Mkataba ni mkataba, hauvunjwi bure. Utapika Ramadhani yote. Utatafuta mwenzako wa kushika nafasi yako na umfundishe mpaka madam aridhike. Tiketi utajinunulia, na marupurupu ya mwisho wa mkataba huyapati. Ukikubali, baada ya Idi pasipoti yako hii hapa."

"Nimekubali," alisema Risper, naye hakuomba apunguziwe hata moja.

Ramadhani ile ilikuwa ya jasho. Wageni walikuja kufuturu makumi kwa makumi, na Risper alikaanga sambusa mpaka vidole vikapoteza hisia. Akampata Selipher, Mkenya aliyekuwa akifanya kazi mtaa wa Ruwais kwa familia iliyokuwa ikihama, akamfundisha kila chungu na kila kiungo. Madam alimtia kasoro Selipher siku kumi na nne mfululizo. Siku ya kumi na tano alionja mchuzi, akajiongezea pilau sahanini. Lujain alishuka kila alasiri kuosha vyombo pamoja nao, na mama yake akaacha kumkataza.

Idi ikapita. Dancan ndiye aliyempeleka dada yake uwanja wa ndege, pasipoti ikiwa mkononi mwa Risper mwenyewe. Alipitia Nyamira kuwaaga wazazi, akashughulikia viza Nairobi, na mwishoni mwa Septemba akafika York.

Chumba cha darini alikipata, na paa aliligonga kwa kichwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alinunua baiskeli kuukuu. Na kwa kuwa akiba yake ilikuwa imepungukiwa na yale marupurupu, alitafuta kibarua cha kusafisha kumbi za chuo asubuhi kabla ya vipindi. Alifagia ukumbi uleule ambamo saa nne angekaa mstari wa mbele na daftari lake, wala hakuona aibu. Aibu alikuwa ameimalizia Jeddah.

Asubuhi moja ya Novemba alikuwa akipiga deki kwenye ujia wa kitivo cha biashara. Kundi la wasichana waliovaa makoti ya thamani lilikuja likicheka, na katikati yao alikuwa Lujain, kofia ya baiskeli mkononi. Risper aliinamia deki yake, akampa binti nafasi ya kupita kana kwamba hamjui. Wenzake wangeuliza maswali. Hakutaka kumtia fedheha.

Lujain alisimama katikati ya sakafu yenye maji.

"Abla Risper!" aliita kwa sauti iliyojaza ujia mzima, na safari hii p ilitoka barabara. Abla ni jina ambalo wanafunzi wa Jeddah humwitia mwalimu wa kike. Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye mwalimu wangu. Kila ninachokijua kuhusu kuishi mji huu, yeye ndiye aliyenifunza." Kisha akaegemeza kofia yake ukutani, akachukua ndoo iliyokuwa imejaa maji machafu na kuibeba hadi bombani ikabadilishwe, mikono yote miwili, maji yakimrukia viatuni.

Lujain alifaulu masomo yote mwaka ule. Risper naye alipata shahada yake ya uzamili kwa alama za juu, akarudi nyumbani, na leo ndiye msimamizi wa hifadhi ya nyaraka katika kaunti yake. Mchwa wa stoo ile wamehama. Vijana wanaokwenda kumwomba kazi humkuta mara nyingi akiwa amepiga magoti sakafuni, miwani puani, akichambua makaratasi yaliyofungamana. Wakishangaa bosi kukaa chini hivyo huku viti vipo, huwaambia wavue makoti na kushuka karibu naye, kwa maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.